Wimbo Uliobanwa

Katarina wa Daa aliongoza nyimbo katika kwaya ya parokia kwa miaka kumi na mitatu, mpaka rovu lilipomkaba shingo akawa hamezi hata ugali. Hospitali walilitoa. Daktari alikuwa amemwonya mapema kwamba mshipa wa sauti uko karibu sana na mahali pa kukata, na lile aliloliogopa likatokea. Katarina alirudi nyumbani mzima, lakini sauti yake ilibaki mkwaruzo, kama mtu anayekwangua sufuria.

Kwenye simu yake ulikuwamo wimbo mmoja, ule waliourekodi mwaka mmoja kabla ya operesheni, ambao beti zake zote aliziimba yeye. Alipokuwa na sauti hakuwahi kuusikiliza kwa makini. Alikuwa akijisikia akiimba kila Jumapili. Sasa alipoufungua alijikuta anaimba kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la maji. Kila penye "s" palichakarisha kama mabua makavu, na kayamba zilikuwa povu tupu.

"Labda ni masikio yako," mumewe Lazaro alisema. "Au simu imechoka."

Siku ya mnada Katarina alipanda pikipiki hadi Karatu mjini, kwa Talha, mwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi, ambaye pia huwajazia watu nyimbo kwenye kadi. Alimweleza shida yake kwa ile sauti ndogo iliyobaki. Talha akadhani ni jambo la siri, naye akamjibu kwa kunong'ona.

"Usinong'one, baba," Katarina akamwambia. "Mimi ndivyo nilivyo."

Talha aliona aibu. Alichukua simu, akachomeka hedifoni zake mwenyewe. Mkwaruzo uleule. Akaiunganisha na spika kubwa ya mlangoni, mkwaruzo ukazidi. Akafungua wimbo mwingine kwenye simu hiyohiyo, ukatoka safi.

"Simu haina kosa, mama, wala masikio yako. Ni faili." Akalihamishia kwenye kompyuta, akalitazama. "Wimbo wa dakika tano, lakini mega moja tu na kidogo. Umebanwa mno. Kompyuta ikibana wimbo hutupa vile inavyodhani hutavisikia. Ikibana kiasi, hutambui. Ikibana hivi, inatupa mpaka nyama."

"Basi ubanue."

Talha alijua jibu, ila alishindwa kumwambia akiwa anamtazama vile. Akaugeuza wimbo kuwa faili la mega kumi na mbili, akampa hedifoni. Katarina akasikiliza. Alikuwa bado mle ndani ya pipa.

"Nimeutilia gunia kubwa tu," Talha akasema. "Mahindi ni yaleyale. Kilichotupwa hakirudi. Tafuta faili la mwanzo, la studio."

Kisha akaliona jina lililoandikwa mwishoni mwa jina la faili. Lilikuwa jina la duka lake.

"Ni sisi," akasema. "Miaka ile watu walitaka nyimbo mia tano kwenye kadi moja ndogo. Tulizibana zote kwa mkupuo, hatukusikiliza hata moja. Nisamehe, mama."

"Nikikusamehe utatoka safi?"

Talha akachomoa simu, akamrudishia.

Mwenye studio alikuwa ameshahama, na mafaili yote alimwachia mwalimu wa kwaya, Clemensi. Katarina alimwendea mara tatu. Mara ya kwanza kompyuta haikuwa na chaji. Mara ya pili mwalimu alikuwa na haraka. Mara ya tatu alimpa flashi pale mlangoni, bila kumkaribisha ndani na bila kumtazama usoni.

Katarina aliipeleka moja kwa moja kwa Talha. Ilipofunguliwa, duka zima lilijaa sauti. Kayamba zilisikika punje kwa punje, na wanaume wa besi walisikika hata wanapovuta pumzi. Talha alitabasamu. Ndipo ikaingia sauti ya kuongoza, laini, ya msichana. Maneno yalikuwa yaleyale. Hata ule mshuko mdogo mwishoni mwa ubeti wa pili, ambao Katarina aliubuni mwenyewe, ulikuwapo.

"Umesikia, mama? Hii ndiyo—" Talha akamwona uso.

"Huyo ni Beatrice," Katarina akasema.

Aliwakuta wanakwaya kanisani wakifanya mazoezi. Sauti yake haikuweza kuushinda wimbo, kwa hiyo ilimbidi asimame kando akisubiri mpaka wamalize.

"Mwalimu, sauti yangu iko wapi?"

Clemensi alifunga kitabu cha nyimbo. "Tukialikwa mahali, watu wanadai kusikia sauti iliyo kwenye rekodi. Wewe huwezi tena. Fundi wa studio, kabla hajahama, akamwingiza Beatrice mahali pako."

"Yangu je?"

"Alirekodi palepale juu yake, ikafutika. Katarina, wimbo ni wa Mungu, si wa mtu."

"Mngebakiza hata nakala moja. Mungu angekasirika?"

Beatrice, ambaye Katarina ndiye aliyemfundisha kuimba, alikuwa amejishika mashavu. "Mama, mwalimu alituambia umeridhia."

Katarina alimgeukia Clemensi. Clemensi alikuwa anapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Katarina akatoka, na kabla hajafika barabarani alisikia wameanza tena.

Nyumbani aliitupa flashi juu ya kabati, akaenda shambani. Hakumweleza mtu. Jumapili iliyofuata alikaa viti vya nyuma, na iliyofuata hakwenda.

Siku moja mchana alitoka kisimani akakuta Lazaro ameketi uani anapukuchua mbaazi, redio ikiwa pembeni yake na ile flashi imechomekwa. Wimbo ulikuwa unatoka safi, unafika mpaka kwa jirani. Lazaro alikuwa anatikisa kichwa polepole, machozi yakimlengalenga.

"Hapo sasa!" akamwambia. "Mbona ulinificha? Hii ndiyo sauti yako niliyokuwa naijua."

Katarina akafungua mdomo. Lakini redio ilikuwa juu, naye hakuwa na kitu cha kushindana nayo. Akatua ndoo, akavuta kigoda, akaanza kupukuchua naye. Wimbo ulipoisha, Lazaro akaurudisha mwanzo.