Mguno wa Kushika Nafasi

Mwimbaji alikuwa ameshashuka ngazi za studio, gitaa mgongoni, na mwongozaji wa filamu akimkimbilia. Mimi, shemeji yake niliyemwoa mdogo wake, na pia mpiga besi wake, nilifuata na mizigo.

Kawaida yake akitungia filamu wimbo ni kuitazama kwanza huku akiuguna wimbo, mdomo umefumbwa, kushika nafasi ya maneno tu. Maneno huyatunga baadaye. Safari hii mwongozaji alikuwa ameupenda mguno na kuyakataa maneno, nayo yalimhusu marehemu mama wa mwimbaji.

"Dada, ule mguno ndio unaoliza watu."

"Miaka ishirini natunga, leo nigune kama mwenye jino bovu?"

"Hata mimi nililia."

"Wewe hulia hata ukiona mwenzako anakata vitunguu. Niachie ubeti mmoja basi."

"Hata neno moja, dada. Litaharibu."

Mwimbaji akafungua mlango wa gari. "Haya, chukua mguno wako," akasema, akapanda.

Filamu ilipendwa. Mwimbaji akaitwa kwenye nyingine sita, zote za kuguna. Mwongozaji siku hizi anatengeneza matangazo ya sabuni. Mimi niliacha bendi, nikahama na mke wangu. Maneno yale hayajarekodiwa popote; mke wangu huyaimba akifua nguo.