Njau wa Kwenye Stempu

Mende walikula mzungu, wakala farasi wake na bendera, wakabakiza kichwa cha mchukuzi mmoja tu. Kichwa hicho cha kwenye stempu, kidogo kuliko ukucha wangu, ndicho Cucu Wangechi, nyanya yangu, amekitunza ndani ya Biblia yake huko Gatuanyaga tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Anasema ni kaka yake, Njau, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya wazungu kwenye Vita vya Pili vya Dunia na hakurudi. Picha yake nyingine haipo duniani.

Stempu yenyewe ilikuwa ya kuadhimisha kuanzishwa kwa koloni. Cucu aliibandua kwenye bahasha iliyotupwa na mke wa setla, enzi alizokuwa akimfulia nguo. Hata wakati huo muhuri wa posta ulikuwa umeifunika karibu yote kwa wino, ikabaki sura hiyo moja. Hapo ndipo mimi huchanganyikiwa. Koloni ilianza kabla Njau hajazaliwa. Aliingiaje kwenye picha?

Nilimuuliza Baba, akanijia juu. "Si mchoraji alichora mtu alimuona? Wewe Ngendo maswali yako ni mingi sana."

Baba ana sababu ya kukasirika. Yeye ni mtoto wa kiume wa nne, na kwetu wa nne hupewa jina la kaka wa mama yake, kwa hiyo naye ni Njau. Tangu apewe jina hilo, kila anayeiona stempu huapa kwamba wanafanana kama shilingi kwa ya pili.

Mwaka huu Cucu alitolewa mtoto wa jicho. Kitu cha kwanza alichotaka kuona vizuri ni Njau, na kile kipande kilichochakaa hakikumwonyesha chochote. Akalia. Nikamwahidi picha kubwa ya kutundika ukutani. Nikatafuta mtandaoni mpaka nikampata mzee mmoja wa Thika mwenye stempu ile ile, nzima, safi, bila muhuri, akaniazima, nikaipeleka studio kwa Lenny, mpiga picha.

Lenny akaikuza kwenye kompyuta, akacheka. "Sasa Ngendo, hawa ni mapacha ama?"

Nikatazama. Mzungu alikuwa juu ya farasi, amechorwa mpaka vifungo vya koti. Nyuma yake, wachukuzi wanne. Pua moja, mdomo mmoja, macho yale yale. Nadhani mchoraji alichoka baada ya farasi. Hata farasi alikuwa na sura yake mwenyewe! Hasira ikanipanda, kisha ikaniishia.

"Nikukatie mmoja?" Lenny akauliza.

"Yupi?"

Nikamwambia aprinti wote.

Baba alipoiona alijishika shavu, akakaa. Nilitamani kuirudisha mkobani. Lakini Cucu alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani, mikono ameshainyoosha.

"Leta mtoto wa mama," akasema. "Leta nimuone."

Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Macho yake yakatembea kutoka kichwa hadi kichwa, yakarudi.

"Ngendo, Njau wangu ni yupi?"

Ningesema nini? Kwamba hayupo? Kwamba miaka yote hiyo amekuwa akimwombea mtu wa wino? Sikujua dhambi ni kusema au kunyamaza, na Baba alikuwa akitazama mabati. Nikaweka kidole kwa wa tatu, kwa kuwa ndipo kilipotua.

"Huyu, Cucu."

Akampapasa uso kwa kidole gumba. "Eeh. Ni yeye. Walimkondesha."

Nikashusha pumzi. Cucu akahamisha kidole kwa yule wa kando yake, halafu kwa mwingine, akakunja uso.

"Na hawa wengine," akauliza, "kwao wanajua wako hapa?"