Daktari wa Pweza

Mume wangu Noorali ana duka la vitambaa hapa Lindi, na kichwa chake ni kigumu kuliko mlango wa duka hilo. Binti yetu Naziya alipochaguliwa kuwa mkuu wa chuo cha biashara, mji mzima ulitupa hongera. Yeye akanuna.

"Wakuu wote waliopita walisomea uhasibu au uchumi," alisema. "Huyu amesomea pweza! Atawafundisha nini watoto wa watu, kuogelea?"

"Mcheza kwao hutuzwa," nikamwambia. "Mtuze mwanao." Akaendelea kula wali wake.

Lakini Naziya hakuwa tayari kuukubali ukuu bila radhi ya baba yake, na jibu lilitakiwa siku ileile. Jioni akanipigia simu.

"Mama, nawaandikia kwamba sitaki. Baba hana radhi, basi."

"Subiri kidogo, mwanangu."

Nilikuwa nimesimama na simu nyuma ya pazia linalotenganisha nyumba na duka, na upande wa pili, dukani, nilimsikia Abizer, jirani yetu muuza mabati, akicheka.

"Noorali bhai, chuo cha biashara kupewa mtu wa pweza! Kweli watu wameisha."

Nilingoja mume wangu acheke naye. Hakucheka.

"Unajua nini wewe, Abizer? Watu wa Songo Songo walikuwa wanatoa vipweza vya kujaa kiganja tu. Mwanangu akakaa nao, akawabembeleza, wakafunga mwamba miezi mitatu, mtu asiguse, pweza wakue. Wewe utamwambia nani afunge duka miezi mitatu akubali? Siku ya kuufungua nilikuwepo. Pweza mmoja alinishinda kumbeba! Nilijificha nyuma ya akina mama, mwanangu asinione. Na kwenye boti nilitapika, kwenda na kurudi."

Kumbe! Shati lake la siku ile, lililojaa matapishi, nililisugua mpaka mikono ikauma, nikiwalaani wauza chipsi wa Kilwa Masoko, maana aliniaga kwamba anakwenda huko kutafuta kanga. Machozi yalinitoka, sifichi. Nampenda mzee huyu, ingawa ananichosha.

Abizer alipoondoka, Noorali akavuta pazia, akaniona na simu.

"Nani huyo?"

"Mkuu wa chuo," nikasema.

Akaichukua simu.

"Naziya. Umesikia?"

Akasikiliza.

"Usilie, mama. Radhi yangu unayo tangu siku ile ya Songo Songo. Lakini ofisini uvae viatu vya heshima, usiniaibishe na zile raba zako za mwambani."