Wageni wa Kanda ya Mashariki

Ofisini walimwita Vijiti, kwa sababu hata kompyuta ikiwa wazi mbele yake alihesabu kwa kuchora vijiti kwenye karatasi: vinne vimesimama, cha tano kimewalalia wenzake. Alitaniwa sana. Yeye alisema mkono ukihesabu, kichwa hakidanganyi, ingawa siku hiyo alitamani kimdanganye.

Kazi ilikuwa nyepesi kuisema. Tovuti ya kampuni ilifundisha ushonaji, na kila kanda ilikuwa na ukurasa wake na mwalimu wake. Bosi alitaka jedwali la marudio: kanda upande huu, idadi upande ule.

"Nihesabie wageni wa mwezi," alisema, akipuliza chai. "Kanda yenye wachache kuliko zote tunaifunga."

Hakujua kwamba mwalimu wa Mashariki ni shangazi yake Vijiti, aliyemlea na kumfundisha kutia uzi kwenye sindano kabla hajajua kusoma. Kila jioni shangazi alipiga simu na swali lile lile.

"Watu wangu wapo, mwanangu? Au naongea na ukuta?"

"Wapo, shangazi," Vijiti hujibu, bila kuwahi kuhesabu.

Sasa alikuwa amehesabu. Kaskazini ilijaza karatasi nzima, Kusini vivyo hivyo. Mashariki ikaishia vijiti arobaini na kimoja. Yaani mkono huu huu aliofundishwa na shangazi ndio utakaomfungia mlango.

Mvua ilinyesha taratibu dirishani, na chakula cha mchana kilimwelemea. Macho yakalegea. Vijiti vikaanza kujongea karatasini, vikawa watu, na kanda zikawa nyumba. Kwenye nyumba ya Kaskazini watu walipiga hodi, wakachungulia, wakasema haya basi, wakaenda zao. Wakaja wengine, nao wakachungulia. Nyumba ya Mashariki ilikuwa kimya. Watu walisukuma mlango tu, wakavua viatu, wakakaa palepale walipokaa jana, kila mmoja na sindano yake. Shangazi aliwagawia vitambaa bila kuwauliza majina. Vijiti akawaambia karibuni.

Mmoja wao akamcheka. "Unamkaribisha nani? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Akazinduka na penseli imemchora shavuni. Bosi alisema wageni, naye akahesabu wageni, kila mtu kijiti kimoja, kana kwamba aliingia mara moja akapotea. Kumbe jedwali lenyewe ni la marudio, na marudio ni kurudi.

Akaanza upya, safari hii kila kuingia na kijiti chake. Wa Kaskazini na wa Kusini walikuja mara moja, basi. Wa Mashariki walirudi jana, wakarudi juzi, vijiti vikajaa ukurasa na kuvuka nyuma. Aliyerudi mara nyingi kuliko wote alikuwa kwenye mashine ya ofisini, mezani pa Vijiti mwenyewe: kila asubuhi aliiwasha sauti ya shangazi ili imsindikize kazini. Akaona haya, akajifuta karatasini. Bado Mashariki ikaongoza.

Bosi alilisoma jedwali lenye hesabu zote mbili, ya watu na ya kuingia, akikuna kidevu. "Hawa mbona wachache, lakini hawatoki?"

"Hao si wageni tena, bosi. Ni watu wa nyumbani."

"Mtu wa nyumbani hafungiwi mlango," alisema bosi, akatia sahihi. "Hebu niachie hao wa hodi niwatazame upya."

Jioni simu ikalia. "Watu wangu wapo, mwanangu?"

"Wapo arobaini, shangazi. Na wanarudi kila siku."

"Arobaini? Mimi siku zote nafundisha mmoja."

"Nani huyo?"

"Si wewe? Nikiitazama kamera ya kunirekodia masomo nakuona, mdogo hivi, unalia uzi umekataa kuingia."

Vijiti aliivuta karatasi yake, akapatafuta pale alipojifuta, akachukua penseli, akajirudisha.