Ndoo Juu ya Mti wa Edwina

Upepo wa Februari uliung'oa uzio wa mbao wa akina Prosser na kuutupa katikati ya njia ya Pennyhill, na Dilys Prosser akaapa kwamba hatajenga mwingine wa mbao maishani mwake. Alikuwa amestaafu kazi ya kupeleka barua vijijini, huku kwetu Herefordshire karibu na mpaka wa Wales, na miaka yote ile alikuwa akipita kwenye bustani za watu akipima kwa macho kila alichokiona. Alichokitaka sasa ni uzio wa miholi: majani magumu ya miiba yanayobaki mabichi hata theluji ikianguka, na matunda mekundu Krismasi ikikaribia.

"Miholi?" Gethin, mumewe, aliuliza. "Ile inayokua kwa mwendo wa mtoto anayeitwa kuoga?"

"Hiyo hiyo."

"Tutazikwa, mke wangu, uzio ukiwa bado magotini."

"Basi sungura watatushukuru."

Walipanda mwezi wa Oktoba, ardhi ikiwa bado ina joto la kiangazi. Dilys alinunua miche iliyokuzwa kwenye vyungu, kila mmoja na chungu chake, kwa sababu mholi hauna subira na mtu anayesumbua mizizi yake. Walichimba mtaro mrefu kando ya njia, wakachanganya udongo na mboji ya majani yaliyooza, wakaitia miche humo kwa nafasi ya hatua fupi fupi, wakaukanyaga udongo, wakamwagilia, kisha wakatandaza maganda ya miti juu yake ili magugu yasipate pa kuingilia.

Majira ya kuchipua yalipofika, nusu ya majani yalianguka. Gethin alisimama pale na kikombe chake cha chai.

"Umeuziwa kuni," alisema.

Dilys alichuchumaa, akakwaruza ganda la mche mmoja kwa ukucha. Chini yake palikuwa na kijani kibichi. Akakwaruza wa pili, na wa tatu. "Haijafa. Imekasirika tu," alisema, akaendelea kumwagilia. Mwezi wa Juni yalitoka majani mapya, laini na ya kung'aa kama yamepakwa mafuta, na miiba ambayo bado haikuwa na nguvu ya kuchoma.

Baada ya hapo kazi haikuwa kubwa. Kila Agosti aliipogoa ubavuni, akiacha chini pawe papana kuliko juu ili mwanga ufike mpaka kwenye shina. Miaka ikaenda. Uzio ulipita magoti, ukafika kiunoni, na Gethin akaacha kuzungumzia makaburi. Matunda tu ndiyo hayakuonekana.

Ng'ambo ya njia alikaa Aubrey Yapp, mgane aliyekuwa fundi wa matrekta. Langoni pake ulisimama mholi mmoja mrefu uliopandwa na marehemu mkewe, Edwina, mti ambao zamani ulikuwa ukizaa mpaka matawi yanainama. Kila Desemba Yapp alikuwa akikata matawi yake, anasuka shada, analipeleka kaburini kwa Edwina. Lakini kwa miaka kadhaa sasa mti ulikuwa umegoma. Yalitoka matunda machache, huku moja na kule moja, na shada la Edwina likabaki majani matupu yaliyofungwa utepe mwekundu wa dukani.

Asubuhi moja ya Novemba, Dilys akiwa anafagia njia, Yapp alivuka barabara akasimama mbele yake, mikono mifukoni.

"Bi Prosser, nina neno nawe."

"Karibu, Bwana Yapp."

"Mti wangu uliacha kuzaa mwaka uliofuata ule uliopanda uzio wako. Nimefikiri sana. Sioni sababu nyingine."

"Unasema uzio wangu umeuloga mti wako?"

"Sijasema kuloga. Nasema kuna kitu unachukua. Maji, au sijui nini. Wewe una miti mingi, mimi ninao mmoja."

"Na hiyo mingi haijazaa hata tunda moja."

"Hilo nalo silielewi," alisema Yapp, akarudi kwake polepole, kama mtu aliyetua mzigo na hakupata nafuu.

Gethin alicheka aliposikia. Dilys hakucheka. Kilichomsumbua ni kwamba Yapp alikuwa sahihi kuhusu miaka. Kweli mti ule ulikuwa ukizaa, na kweli uliacha baada ya uzio kupandwa. Mizizi ya vimiche haiwezi kuvuka barabara na kunyonya maji ya mti mkubwa, hilo alilijua. Lakini mtu akishaona mambo mawili yameandamana, anabaki kujiuliza la tatu liko wapi.

Mwezi wa Mei uzio ulitoa maua kwa mara ya kwanza, machache, meupe, madogo kuliko ukucha wa kidole, yamejificha kwenye makwapa ya majani. Dilys alichukua kioo cha kukuzia ambacho Gethin hutumia kusomea gazeti, akapiga magoti. Katikati ya kila ua palikuwa na kifundo cha kijani, mfano wa mbaazi changa. Pembeni palikuwa na vijiti vinne vilivyosinyaa, havina unga wowote. Alitazama ua la mche wa kwanza, la mche wa katikati, la mche wa mwisho. Yote sawa.

"Unasali?" Gethin aliuliza dirishani.

"Njoo uone. Yote majike."

"Majike nini?"

"Miti. Kuna dume na jike, kila mmoja na mti wake. Hii yote ni majike."

Alimpigia simu bwana aliyemuuzia miche. Yule akakubali bila wasiwasi: miche yote aliikata vijiti kutoka kwenye mti mmoja, mama mmoja wa kuzaa sana, kwa hiyo ndiyo, yote ni mabinti. "Watu wanataka matunda, mama," alisema. "Nani atanunua dume?"

Dilys akavuka barabara, akauangalia mti wa Edwina bila kugusa kitu. Ulikuwa umefunikwa maua, na kila ua lilikuwa na kifundo cha kijani. Nyuki walipita wawili watatu, wakaondoka.

Jumapili hiyo, wengine walipokuwa wanatoka kanisani upande wa pili wa bonde, Dilys alisikia mvumo kutoka pembeni ya makaburi. Mholi mmoja wa kale, ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona na tunda, ulikuwa unavuma nyuki kuanzia chini mpaka kileleni. Alivuta tawi. Maua yake hayakuwa na kifundo katikati. Yalikuwa na vijiti vinne vilivyosimama wima, na alipovigusa kidole chake kilibaki na unga wa njano. Alisimama pale akikitazama kidole, mpaka Gethin akaja kumwambia nyama iko kwenye oveni inaungua.

Kesho yake aliomba ruhusa kwa kasisi, akakata matawi kadhaa yenye maua, akayatia kwenye ndoo ya maji. Maua ya uzio wake yalikuwa bado machache mno kufanyia majaribio. Akaenda kugonga kwa Yapp.

"Nataka kutundika hii kwenye mti wa Edwina."

Yapp aliitazama ndoo, akamtazama yeye. "Kwa nini?"

"Nataka kuona kitu."

"Kitu gani?"

"Nikishakiona nitakwambia. Sasa hivi nikikwambia halafu isiwe, utanicheka mpaka Krismasi."

"Mti huo usiuumize."

"Ni kamba na ndoo tu, Bwana Yapp."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta ngazi. Waliitundika upande unaotazama barabara, na Yapp akaijaribu ile kamba mara mbili kabla ya kushuka. Siku zilizofuata watu waliopita njia ya Pennyhill walipunguza mwendo wa gari kuangalia ndoo ikining'inia mtini, na mmoja alimuuliza Gethin kama mkewe ni mzima. Gethin alijibu kwamba hata yeye anasubiri majibu.

Kiangazi kizima Dilys hakuusogelea mti ule. Alikuwa akiogopa kuangalia mapema, kama mtu anayeogopa kufungua oveni keki isije ikanywea. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba Yapp alipokuja mwenyewe, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia.

"Njoo," alisema.

Upande wa barabara, pale ilipokuwa ndoo, mti ulikuwa mwekundu. Vishada vya matunda vilibanana kwenye matawi. Upande wa nyumba ulikuwa kijani kitupu, na katikati wekundu ulipungua kidogo kidogo, ungeweza kuonyesha kwa mkono nyuki walikofika na walikochoka.

"Ulitia nini kwenye ndoo ile?"

"Maji, na matawi ya ule mholi wa kanisani. Ule ni dume. Wako ni jike, na wangu yote majike. Yalikosa dume karibu."

 Yapp aligeuka akaitazama gereji yake nyuma ya nyumba, ile ya matofali aliyoijenga kwa mikono yake.

"Pale palikuwa na mholi," alisema. "Hauonekani kutoka barabarani. Haukuwahi kuzaa hata siku moja, nikasema unakula nafasi bure. Niliukata majira yale yale mlipokuwa mnachimba mtaro wenu."

Dilys naye akaitazama ile gereji.

"Edwina aliupanda pamoja na huu. Alikuwa akiniambia, Aubrey, ule usiuguse. Mimi nilidhani ni yale mambo ya watu wa zamani, kwamba kukata mholi ni mkosi. Sikumuuliza kwa nini." Alivaa kofia. "Unadhani alijua?"

"Sijui, Aubrey." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Wanawake wengi wanaopanda miwili hujua."

"Au alipenda tu miwili."

"Au alipenda miwili."

Desemba hiyo shada la Edwina lilikuwa la matunda, na Yapp aliacha tawi jingine juu ya uzio wa akina Prosser bila kugonga mlango. Majira yaliyofuata walikwenda pamoja kununua dume. Muuzaji aliwaletea mche wa majani yenye kingo nyeupe, akawaambia jina lake ni Malkia wa Fedha.

"Nimesema dume," Yapp alisema.

"Ndiyo dume huyo, mzee. Na yule pale Mfalme wa Dhahabu ni jike. Aliyewapa majina hakuangalia maua."

Yapp alicheka kwenye gari mpaka Dilys akaanza kuhofia usukani. Waliupanda mche ule mwisho wa uzio wa miholi, ng'ambo tu ya mti wa Edwina. Yapp alichimba shimo mwenyewe, akaulizia mboji, akaulizia maji, akauliza ni baada ya muda gani utatoa maua. Dilys alimwambia hajui, huenda miaka mitatu, huenda sita.

Kwa hiyo kila Mei Yapp ndiye anayekwenda kanisani na ndoo. Siku hizi anatembea na kioo chake mwenyewe mfukoni, na ukikutana naye njiani wakati wa maua atakusimamisha langoni pako, aingize kichwa kwenye mholi wako, na akitoka na mikwaruzo usoni atakwambia una dume au jike.