Mshono wa Katikati

Safari hii blanketi lilirudi kwa toroli. Seremala alilisukuma hadi mlangoni kwa dobi, akapangusa jasho, akasema hata kabla ya salamu, "Ndugu yangu, chukua mzigo wako. Usiku kucha nimelaliwa na ng'ombe."

"Hukulipenda?"

"Nimelipenda sana! Lakini kitanda changu ni cha mtu mmoja, nalo ni la ukoo mzima. Pembe zinaburuta sakafuni. Asubuhi nimejikwaa, nusura nimalize meno niliyobakiwa nayo."

Dobi alilipokea, akalikunjua mezani na kulikagua pindo kwa pindo, kama anavyokagua kila kitu kinachopita mikononi mwake. Hakuona tundu wala doa. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Lingekuwa na kasoro, angejua pa kuanzia.

Riziki yake ilikuwa kufua nguo za watu. Ila kwa miaka mingi alikuwa pia akikusanya mablanketi ya zamani ya viraka, yale yaliyoshonwa kwa mkono kwa mabaki ya magauni na mashati, ambayo watu huyatupa wanapohama. Huyaloweka, huyakanyaga taratibu kwenye beseni pana bila kuyakamua, huyaanika kivulini, hushona palipofumuka, kisha huyatafutia watu wa kuyalalia. Hayauzi. Ushonaji hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufumua blanketi moja bovu uzi kwa uzi. Majirani walimbandika jina la Kiraka, naye akawa anaitika.

Hili aliletewa na binti mmoja muuguzi, aliyefiwa na mama yake.

"Mama alilishona mwenyewe," binti alimwambia. "Mimi Jumamosi nahamia kazini, mbali. Nataka nilione juu ya kitanda cha mtu kabla sijaondoka. Ukikosa mtu, nitamwachia mjomba, na mjomba ameshasema atafunikia jenereta lake."

Kiraka akaahidi. Alipolifua aliona jinsi mshono wa katikati ulivyolegea: hatua ndefu ndefu, za harakaharaka, kama za mtu aliyeshikwa na usingizi. Akamwonea marehemu huruma. Akaufumua, akaushona upya kwa uzi wa mara mbili, hatua ndogo kama punje za mtama, tena akarudia juu yake. Alipomaliza alilivuta kwa nguvu pande zote mbili. Halikutikisika.

Tangu hapo, balaa. Bibi harusi wa nyumba ya pili alilifua, kisha yeye na mumewe wakashindwa kulitoa majini. Mama mmoja mwenye wana wawili alilirudisha kwa sababu kila usiku watoto walilivuta huku na huku kama kamba. Na sasa seremala.

"Mume wangu, usiwanunie watu," mkewe alisema jikoni. "Wenzio wanataka blanketi, wewe unawapa godoro."

Kiraka alizunguka mitaa miwili akiwa nalo begani, akabisha hodi, akaeleza kwa upole ule ule kila mlango. Wengine walilisifu wasilichukue. Mmoja aliuliza kama anaweza kulifanya pazia. Alirudi shingo ikimuuma.

Jumamosi asubuhi binti alifika na begi mkononi. Akalikuta mezani, limekunjwa.

"Bado, mwanangu," Kiraka alisema. "Wote wanasema ni kubwa mno."

"Kubwa?" Binti alilikunjua, akapitisha kiganja katikati, akarudia tena. "Baba, mshono wa mama uko wapi?"

"Nimeutengeneza. Ulikuwa umelegea."

"Ulilegezwa! Haya ni mablanketi mawili. Baridi ikija mama anayaunganisha, tunalala wote. Joto likija anavuta uzi mmoja, kila mtu na lake. Nilidhani yeyote anayelitazama anaona."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Kiraka aliinuka. Akatafuta wembe.

Walikaa huyu upande huu na yule upande ule. Mishono ya Kiraka haikukubali. Kila mmoja waliokata, wa chini yake ulishika. Wembe ukizama zaidi ungekata kitambaa, na kitambaa kilikuwa gauni la marehemu. Binti alitazama saa ya ukutani, akauma kucha.

"Umeshona kama unafunga gunia la mwizi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Gari halitaningoja."

Hawakufika hata nusu. Kiraka akalibeba vilevile, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine kwenye kandambili, wakaenda mbio kwa seremala.

"Limepungua?" seremala akauliza.

"Linapungua," Kiraka alisema.

Walitandika upande mmoja kitandani. Ulienea sawasawa. Upande wa pili, uliokuwa bado umeshikana nao miguuni, wakaulaza juu ya kiti. Binti alisimama akautazama upande wa kitandani. Alinyoosha kunjo moja kwa kidole, akamwomba seremala aulalie. Mzee akajilaza na viatu vyake, mikono kifuani, akiogopa kucheka.

"Basi," binti alisema. Akachukua begi lake, akatoka haraka.

Kiraka alivuta kigoda hadi miguuni pa kitanda, akainamia mshono.

"Kwa hiyo nikilala," seremala aliuliza, kichwa kikiwa juu ya mto, "wewe utakuwa hapo hapo?"

"Lala tu, ndugu yangu," Kiraka alisema, na wembe ukamteleza, ukamkata kidole.