Hodi Chini ya Gari

Mkurugenzi wa kampuni ya malori alileta gari lake gereji Jumanne saa tatu asubuhi, akalalamika kwamba linagonga mbele kushoto. Gereji mbili zilikwisha kumbadilishia shokapu, bushi na boljointi, na bado lilikuwa likigonga vilevile.

"Linagonga ukipita kwenye mashimo, au hata kwenye lami safi?" aliuliza fundi, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Bi Spana.

"Hata likiwa limesimama."

"Injini ikizimwa?"

"Hata ikizimwa."

Bi Spana aliitikia kwa kichwa. Kwa miaka thelathini na miwili hakuwahi kushindwa na mlio. Wateja walipomweleza habari ndefu aliwaambia chuma hakisemi uongo, anayesema uongo ni mwenye gari.

Alizunguka nalo mtaa mara mbili, akakata kona kulia na kushoto, akafunga breki ghafla. Akaliinua kwa jeki, akashika tairi juu na chini na kulitikisa, halikucheza. Akachokonoa bushi kwa mtaimbo, akazikuta ngumu kama zilizofungwa jana. Ndipo akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye chuma, mpini sikioni.

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

"Si boljointi hii," alisema. "Boljointi ikilegea hugonga ovyo. Huyu anagonga mara tatu, halafu anasubiri ajibiwe. Anapiga hodi."

Mkurugenzi alitazama saa yake. "Sasa dawa yake nini?"

"Hodi hujibiwa." Bi Spana akainama. "Karibu!"

Kutoka chini ya gari akajivuta mwanamume, miguu kwanza, kama wanavyotoka mafundi. Alivaa sare ya kampuni iliyoungua bega moja. Alikuwa dereva wa lori, na alikuwa amefariki miezi minane iliyopita kwenye mteremko nje ya mji, pamoja na mpakiaji wake wa mizigo. Alijipangusa vumbi, akawasalimia.

"Habari za siku nyingi," alijibu mkurugenzi. Aliwasha gari, akatega sikio, akaridhika. "Limenyamaza. Kazi nzuri, fundi." Akaondoka.

"Pole, kaka," alisema Bi Spana. "Mbona ukapita huko chini?"

"Langoni pa kampuni kuna walinzi, dada. Chini ya gari hakuna." Marehemu alikaa juu ya tairi kuukuu. "Nataka ripoti yao ya ajali ibadilishwe. Wameandika nilisinzia. Sikusinzia. Breki zilikataa."

Bi Spana alijua. Breki hizo alizikagua yeye, siku mbili kabla ya ajali, akaandika kwenye daftari la gereji kwa herufi kubwa: LORI LISITOKE. Likatoka. Baada ya mazishi kampuni iliazima daftari, likarudi limepungukiwa na ukurasa mmoja. Hakuna aliyekuja kumuuliza, naye, pamoja na mdomo wake wote unaojulikana mtaa mzima, hakujipeleka. Kimya hicho alikuwa amekibeba miezi minane.

Alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akavua ovaroli. "Twende," alisema. "Leo nasema mimi."

Kwenye ofisi ya ajali, inakotunzwa ripoti hiyo, walipanga foleni kama watu wengine. Karani alikuwa mpole, mwenye mwandiko mzuri. Aliwasikiliza wote wawili bila kuwakatiza, kisha akamwomba dereva kitambulisho.

"Kiliungua."

"Basi cheti cha kifo kitatosha."

Dereva alikuwa nacho mfukoni. Karani akakisoma. "Hapa panasema ulisinzia."

"Ndicho kilichonileta. Sikusinzia."

"Nakuelewa, ndugu. Lakini ndivyo panavyosema."

"Mimi ndiye niliyezikagua zile breki," alisema Bi Spana, sauti ikajaa chumba kizima. "Mpira wa mafuta ya breki ulikuwa umepasuka. Niliuona kwa macho haya, nikaandika."

"Ulipoandika pako wapi?"

"Wamepachana."

Karani alisikitika kwa dhati. Alieleza kwamba faili limefungwa, kwamba marehemu hawezi kuwa shahidi wa kifo chake mwenyewe, na kwamba maneno matupu hayagongwi muhuri. Aliwasindikiza hadi mlangoni.

"Basi nipeleke kwa mama wa mwenzangu," alisema dereva walipofika nje. "Yeye akijua, inanitosha. Tangu tuzikwe hamsalimii mke wangu."

Mama wa mpakiaji aliishi ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alifungua mlango, akamtazama dereva toka kichwani hadi viatuni, akamsogezea kiti. Akawamiminia chai, kikombe cha dereva akakijaza hadi ukingoni.

"Mwanangu hajambo huko?" aliuliza.

"Hajambo, mama. Anakusalimu."

"Mbona hakuja?"

"Anasema kupanda ngazi ni taabu."

Mama alicheka kidogo, akajifuta macho kwa pindo la kitenge. "Hata alipokuwa hai alikuwa mvivu wa ngazi."

Bi Spana aliweka kikombe chini. Alimweleza yote, moja baada ya jingine: mpira uliopasuka, daftari, ukurasa, na kimya chake mwenyewe. Hakujionea huruma. Alipomaliza alijua ataweza kuyasema tena popote, mbele ya yeyote. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaushika mkono wa dereva kwa mikono yake miwili.

"Nimekaa na uchungu huu muda mrefu," alisema, "lakini umekuja mwenyewe mpaka mlangoni, na hilo si dogo. Nimekusamehe, baba. Usingizi haumchagui mtu."

"Mama, sikusinzia."

"Nimekusamehe," alisema, akampapasa kiganja. "Kunywa chai, inapoa."